Taishokoto ya Marehemu



Baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, twawaomba radhi wasomaji wetu, hasa mama na dada zetu. Juma lililopita tuliahidi kuendelea na adabu za kuamkuana, na leo tumeiweka kando mada hiyo. Pana jambo lililotukaa kifuani tangu Mfungo Sita, na bibi mwenye jambo lenyewe ametupa ruhusa tulieleze, kwa sharti kwamba jina lake na la binti yake yasitajwe.

Bibi huyu ni jirani yetu hapa Nyali, upande wa Mkomani. Alifiwa na mumewe, aliyekuwa karani bandarini, akabaki na mtoto mmoja wa kike, ambaye leo ana umri wa miaka 15. Siku moja alikuja kwa watu wa nyumbani kwetu, wakakaa chumbani muda mrefu, kisha tukaitwa. Akasema: "Maalim, mtoto hasemi. Tangu babake afariki, akirudi skuli huingia ndani na kufunga mlango. Jambo moja tu ameniomba katika miaka miwili hii, nalo nachelea kumpa na nachelea kumnyima." Jambo lenyewe lilikuwa taishokoto ya babake. Mtoto ataka kujifunza kuipiga.

Wasomaji wenye umri wetu wanaijua taishokoto, lakini vijana huenda hawaijui. Ni sanduku refu jembamba la mbao, lililonyoshewa nyuzi za chuma, na juu yake pana vibonye vyenye tarakimu mfano wa vile vya mashine ya taipu. Mkono wa kushoto hubonyeza, na wa kulia hudonoa nyuzi kwa kipande kidogo cha plastiki. Asili yake ni Japani: iliundwa na Morita Gorō mjini Nagoya mwaka 1912, mwanzo wa zama za mfalme zilizoitwa Taisho, na koto ni jina la chombo chao cha kale cha nyuzi. India nako ikapata umbo lake na jina lake, bulbul tarang, yaani mawimbi ya bulbul. Mombasa ikaingia katika tarabu, na katika kundi la Bi Zuhura Swaleh sauti yake ndiyo iliyokuwa ikitangulia. Unguja wao wana ganuni, ambayo ni bibi mkubwa wa ukoo huu. Husimuliwa kuwa Sultani Barghash alimtuma kijana wake Misri akajifunze kuipiga, na klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, imeishikilia mpaka leo.

Basi marehemu alikuwa nayo moja, ya namna ile ya Kihindi inayokazwa kwa ufunguo. Hakuwa mpigaji wa arusini. Alikuwa akiipiga nyumbani baada ya chakula cha usiku, mlango umefungwa, mkewe akishona kofia na mtoto kalala mapajani mwa mamake.

Kilichomfanya bibi huyu achelee ni shemejiye, ami wa mtoto. Huyu ni mtu wa msikiti, mtu mwema, ambaye tangu nduguye afariki hakuacha mwezi upite pasi na kuwapelekea unga na mchele. Naye alikwisha sema kwamba kitu kile kisibaki nyumbani mwa maiti, kwani kila kikilia marehemu ataulizwa kaburini. Akaja na nyundo.

Hapa ndipo tulipoitwa, na hapa yatupasa tuungame jambo la zamani. Miaka 23 iliyopita kijana mmoja wa darasa letu, mwenye hifdhi nzuri kuliko wenziwe wote, alitujia baada ya magharibi akatuuliza kuhusu udi. Alikuwa amemsikia Zein l'Abdin, na mkono ukamwasha. Tulikuwa na haraka, viatu tumekwisha vaa. Tulimjibu kwa neno moja: "Tupa." Hatukumketisha wala hatukumuuliza analotaka ni nini. Kijana aliutupa udi, na baada ya miezi michache akautupa na msikiti. Leo yuko Ghuba, na salamu zetu hazijibu. Hatusemi kwamba hukumu tuliyompa haikuwamo vitabuni. Imo. Tunasema tulimpa kama mtu anayemtupia mbwa mfupa.

Chuoni tulisomeshwa kanuni ya mausuli, kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Tuliisoma, tukaijibia mitihani. Safari hii tulitaka kuifuata.

Tulianza na yule ami. Hatukumkabili kwa maneno makubwa, kwani anajua kusoma, na madhehebu yetu sote ni moja. Tulimfungulia Minhaji ya Imamu Nawawi. Kwanza mlango wa ushahidi, ambamo ala za nyuzi zimeharimishwa, na hata filimbi ya mchungaji, ambayo Imamu Rafii aliiona haina ubaya, Nawawi akamkhalifu. Ami akafurahi. Kisha tukamfungulia mlango wa ghasbi, ambamo Imamu huyohuyo aeleza kuwa ala za pumbao, hata kwa kuharimishwa kwake, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa hazivunjwivunjwi, bali hufumuliwa zirudi kama zilivyokuwa kabla ya kuungwa. Nyundo haimo. Ami akasoma, akarudia, akanyamaza kidogo, kisha akaomba bisibisi.

Tukamwambia la pili. Marehemu ameacha mke, binti mmoja na ndugu mmoja. Katika mafungu manane, mke ana moja, binti ana manne, na ndugu kwa uasaba ana matatu yaliyobaki. Ikiwa sanduku hili ni mali, basi yeye ana mafungu matatu tu, na ikiwa si mali ila ni mbao na waya, basi pia ana mafungu matatu ya mbao na waya. Hilo hakulipenda. Alizifungua nyuzi moja moja, kwa utaratibu tuliomhusudu, akazikunja pamoja na ufunguo wa kukazia, akatia mfukoni. "Hizi ndizo tatu zangu," akasema. Sanduku akaliacha juu ya kabati.

Basi mtoto akawa na taishokoto isiyo nyuzi.

Tunajua barua zitakuja, nasi twazingoja. Kwa hiyo tuseme wazi tulilolisema na ambalo hatukulisema. Hatukutoa fatwa ya kuhalalisha. Jumhuri ya wanavyuoni, na wa madhehebu manne kwa jumla, wanaziharimisha ala za nyuzi, na Ibn Hajar al-Haytami ameandika kitabu kizima juu ya hilo. Kwa upande wa pili Ibn Hazm aliziruhusu, na baada yake Sheikh Abdulghani an-Nabulusi wa Damaski, na katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, kwa masharti. Imamu Ghazali, katika Ihyaa, asema nyuzi hazikuharimishwa kwa utamu wake, kwani ingekuwa hivyo hata sauti ya ndege ingekuwa haramu. Ziliharimishwa kwa kuwa ni alama ya mabaraza ya walevi. Mwenye kutaka hukumu ya kujifunga nayo na amwendee kadhi wake. Sisi tulichomwambia bibi yule ni kwamba jambo lina khitilafu, kwamba kauli ya wengi ndiyo tuliyolelewa nayo, na kwamba mtoto yatima aliyefunga mlango miaka miwili naye ana haki zake katika sharia. Kisha tukamwambia: ukiamua kumruhusu, basi isiwe kwa siri. Ije uani kwetu, Jumamosi baada ya alasiri, nawe ukiwapo.

Akaamua kumruhusu.

Mwalimu alipatikana Kisauni: mzee wa miaka sabini na kitu, aliyepiga katika makundi ya arusini hata vidole vikaanza kumtetemeka. Alikuwa akija kwa tuktuk, kofia imenyoka, akikataa malipo ila mahamri na chai ya tangawizi. Siku ya kwanza alilitazama sanduku tupu akacheka. "Afadhali," akasema. "Wengi waanza na sauti. Huyu ataanza na uzi."

Nyuzi zilinunuliwa mjini, ng'ambo ya daraja. Ni nyuzi za gitaa, zile nyembamba kabisa. Ufunguo haukupatikana, tukatumia koleo. Uzi wa kwanza ulikatika ukamchana mtoto kidole, na wa pili ukakatika mikononi mwetu, kwa kuwa tulidhani kukaza ni nguvu. Mzee akatuonyesha: uzi huzungushwa kwenye kigingi mizunguko kadhaa, hukazwa kidogo, huachwa, hukazwa tena. Hata ukifika sauti yake hautulii, kesho utakuwa umelegea. "Uzi mpya ni mgeni, maalim. Siku mbili muwache, ya tatu mpe jembe."

Majuma mawili mazima mtoto hakupiga wimbo. Alilinganisha tu. Taishokoto ina nyuzi ambazo hutakiwa kuwa na sauti moja kamili, na hizo ndizo zipitazo chini ya vibonye, kisha nyingine zikokotazo sauti yao ileile chini, hazibadiliki, kama umati unaoitikia. Nyuzi mbili zikikaribiana bila kupatana, sauti yao hutetemeka kama mbawa za ndege aliyeshikwa. Kadiri zinavyokaribia, mtetemo huo hupunguza mwendo, na zikikutana hutulia ghafla, huwezi tena kusema hii ni ya uzi upi. Mzee hakumwambia mtoto lolote juu ya hilo. Alimwachia koleo akaendelea kunywa chai. Siku mtetemo ulipotulia mara ya kwanza mtoto aliinua uso akatutazama sote mmoja mmoja, kuona kama tumesikia.

Tulisikia. Na hapa tuungame la pili, nalo ndilo litakaloleta barua nyingi. Tulikuwa tumekaa pale kama mashahidi, tasbihi mkononi. Lakini sikio la mtu aliyesomeshwa kuraani tangu utoto halikai shahidi. Wasomaji wa Misri tuliowasikiliza redioni tangu tukiwa wadogo aghalabu hufungua kwa Bayati na kufungia kwa Bayati, na chuoni tulikariri majina ya maqamu saba kwa maneno mawili ya Kiarabu yaliyokusanya herufi zake za mwanzo: Saba, Nahawandi, Ajam, Bayati, Sika, Hijazi, Rasti. Wala asije mtu akadhani tunachanganya usomaji wa Kitabu na ala; hayo hayakutani, na mwenye kuyakutanisha amekosa adabu. Ila ngazi za sauti ni zilezile, kama ngazi ya msikiti na ngazi ya dukani zote ni za mbao.

Basi Jumamosi ya nne, mtoto alipokwenda kuswali, mzee alitusogezea sanduku. Tulitazama mlangoni. Tukabonyeza, tukadonoa. Sauti ya kwanza ilikwaruza kama paka, kwani tulibonyeza nusu. Kibonye hutakiwa kifike chini kabisa kabla ya kudonoa, na kisiinuliwe hata sauti iishe. Na kile kipande cha plastiki tulikishika kama tunavyoshika chaki, mzee akatugonga vidole: kishikwe kwa ulegevu, kitazame uzi kama kwamba kitaanguka. Tukaitafuta Hijazi, tukaipata yote. Tukaitafuta Bayati, tukaikosa. Sauti yake ya pili haikuwamo. Kibonye kimoja kilikuwa juu mno, na cha jirani yake chini mno, nayo yenyewe imelala katikati mahali pasipo kibonye.

Tulimwuliza mzee. Akasema: "Hapana, haimo. Mjapani hakuijua." Ganuni, akatueleza, ina nyuzi sabini na zaidi, tatu tatu kwa kila sauti, na kando ya nyuzi pana vipande vidogo vya chuma vya kuinua na kulaza, ambavyo kazi yake ni kuitwaa sauti ile ya katikati. Hupigwa kwa vidole viwili vya shahada vilivyovishwa pete na kucha za pembe au za plastiki, nayo hulazwa mapajani au mezani. Unguja iko skuli ifundishayo hayo tangu mwaka 2002, Dhow Countries Music Academy, na ganuni ni miongoni mwa masomo yake. Upande wa Iran na Iraki pana ndugu yake apigwaye kwa vijiti viwili vyepesi, aitwaye santuri, jina ambalo sisi tumelipa sahani ya gramafoni. Na Abu Nasri al-Farabi, aliyefariki Damaski mwaka 950, ameyaandikia mambo haya ya nyuzi na vipimo vyake kitabu kikubwa, naye ni mwanafalsafa wala si mpigaji wa mtaani. Mzee alizungumza mpaka chai ikapoa, nasi tukasahau kuangalia mlango. Mtoto alikuwa amesimama pale zamani. Akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kutusemesha sisi pasi na kuulizwa: "Maalim, umebonyeza nusu."

Tulikuwa tumezoea kuwaambia watoto kuwa hawakutimiza madda, hawakutoa ghunna. Kuambiwa hivyo na mtoto wa miaka 15 si jambo baya kwa mwalimu mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, ingawa siku ile hatukulipenda sana.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wa chuoni hasa: kijuzuu kwanza, hapana kurukia Yasini. Tarakimu moja mpaka saba, kwenda na kurudi, polepole mno. Kisha kila sauti mara mbili, kisha mara nne kwa mkono mwepesi. Mzee alikataa asipige chochote kwa haraka. Alisema haraka huficha makosa mchana, usiku hukutoa. Mtoto alikata tamaa mara moja, Jumamosi ya sita, akasema vidole vyake ni vya mbao. Mzee akanyosha vyake vinavyotetemeka, akauliza vipi ni vibovu zaidi. Hakujibiwa.

Masharti yalikuwapo na yalishikwa. Adhana ikitoka, nyuzi hufunikwa. Skuli haikuachwa. Arusini hatakwenda kupiga. Hilo mamake alilisema kabla yetu. Na juu ya hilo mzee mwenyewe aliongeza, kwa sauti ya mtu anayejua asemalo, kwamba yeye mabinti zake hakuwapeleka.

Jumamosi ya tisa au ya kumi, mvua za vuli zikinyesha, tulikaa barazani badala ya uani. Mtoto alipiga kitu ambacho mzee hakumfundisha. Kilikuwa kifupi, kina pengo mahali fulani, kwani alikuwa akitafuta sauti iliyokosekana kwenye vibonye, akairuka. Mamake aliyekuwa akishona kofia aliisimamisha sindano. Alisema, "Hapo babako alikuwa akiimba, hakupiga." Mtoto akauliza, "Akiimba vipi?" Na yule bibi, ambaye hatujapata kumsikia akiinua sauti, akamwimbia pengo lile, sauti tatu tu, kwa sauti ya chini. Kisha wakaanza kuzungumza juu ya marehemu, hiki alikuwa akikipenda, kile alikuwa akikichukia, jinsi alivyokuwa akilala na kiatu kimoja akirudi zamu ya usiku. Tukainuka na mzee, tukaenda kutazama mvua upande wa pili wa nyumba.

Usiku ule hatukulala vyema. Tulimkumbuka kijana wa Ghuba. Asubuhi tulimwandikia, si kumpa hukumu mpya, maana hatunayo, bali kumwomba radhi kwa viatu. Hajajibu.

Ami naye hakubadilisha kauli yake, nasi hatukumwomba aibadilishe. Tukikutana msikitini twapeana mikono kama kawaida. Siku moja alituuliza, hali akiangalia kwingine, "Bado waipiga?" Tukasema naam. Akauliza, "Mwaikazaje, ilhali ufunguo ninao mimi?" Tukamwambia kwa koleo, na kwamba kigingi kimoja kimeanza kuliwa na meno ya koleo, kikiharibika hicho basi. Akatikisa kichwa akaenda zake kuswali sunna.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, alikuja mtoto wake wa mwisho mlangoni kwetu na bahasha ya kaki. Ndani yake hamkuwa na barua. Mlikuwa na nyuzi za zamani zilizokunjwa, nyekundu kwa kutu ya hewa hii yetu ya bahari, hazifai tena kitu, na mlikuwa na ufunguo. Ulikuwa umepakwa mafuta.